Mapigo Mawili Kwenye Kifundo cha Mguu



Katika ukurasa huu wa familia tumekwisha kuzungumza mara kadhaa juu ya kisukari na shinikizo la damu. Juma hili tumekusudia kushuka chini kabisa, hadi unyayoni, tueleze namna damu inavyoufikia mguu, na namna ambavyo mtu asiye daktari anaweza kujua, kwa vidole vyake mwenyewe, kwamba damu hiyo inafika au imepungua. Tumewalenga hasa ndugu zetu wa wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, ingawa yatakayosemwa yanamfaa kila mwenye mzazi mzee au mgonjwa wa kisukari nyumbani kwake.

Sababu ya kuzitaja wilaya hizo mbili ni hii. Mguu uliokosa damu huokolewa na wakati kuliko kitu kingine chochote. Mkazi wa mjini akichelewa siku tatu, bado hospitali kubwa iko mwendo wa daladala. Mkazi wa Basotu, wa Balang'dalalu, wa Dongobesh au wa bonde la Yaeda huianza safari yake kwa pikipiki, akangoja gari njiani, na mvua zikinyesha njia huharibika. Kwa hiyo anayeishi mbali na hospitali hana budi kuitambua dalili mapema kuliko anayeishi karibu nayo. Elimu ndogo tunayoitoa hapa ndiyo inayoweza kuufupisha umbali huo.

NJIA YA DAMU KUTOKA MOYONI HADI KIDOLENI

Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban lita 5 za damu kila dakika. Damu hiyo, iliyobeba hewa na chakula cha mwili, hutoka moyoni kwa mshipa mkuu uitwao aota, ikateremka mbele ya uti wa mgongo, na ifikapo karibu na usawa wa kitovu hugawanyika mara mbili, tawi moja kwa kila mguu. Mishipa inayotoa damu moyoni na kuipeleka viungoni ndiyo iitwayo ateri. Ile inayoirudisha moyoni huitwa vena. Vena ndiyo ile mishipa ya kibuluu tunayoiona ikitokeza chini ya ngozi. Ateri mara nyingi hazionekani kwa macho, bali huhisiwa kwa kuguswa, kwa sababu kila moyo unapopiga, nazo hupiga.

Ateri ya mguu hupita kinenani, ikashuka pajani, ikajificha nyuma ya goti, na chini kidogo ya goti matawi yake huwa matatu. Tawi la kwanza hupenya katikati ya mifupa miwili ya mguu, likaja mbele, likateremka kando ya muundi, likakivuka kifundo na kutokeza juu ya mgongo wa wayo. Tawi la pili hubaki nyuma, ndani ya shavu la mguu, likapita nyuma ya jicho la mguu la upande wa ndani, yaani ule mfupa uliotokeza kifundoni, kisha likaingia chini ya unyayo na kugawanyika tena. Tawi la tatu hushuka upande wa nje, kando ya mfupa mwembamba, na kuishia karibu na kisigino.

Matawi haya hayakuachwa kila moja lijitegemee. Ateri ya mgongo wa wayo huzama kati ya mfupa wa kidole gumba na ule wa kidole cha pili, ikaungana chini ya unyayo na ateri iliyotoka nyuma, na kwa pamoja zikafanya tao. Kutoka kwenye tao hilo huchipuka vijishipa viendavyo vidoleni. Mkulima wa kitunguu saumu wa Mbulu, anayemwagilia shamba lake kwa mifereji, ataufahamu mpango huu bila shida: shamba lina mifereji miwili iliyounganishwa chini, mmoja ukiziba, maji ya mwingine huzunguka yakaufikia upande wa pili. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na ateri moja iliyobanika na asijue kwa miaka mingi.

Lakini mkulima huyo anajua pia kwamba matuta ya mwisho ndiyo ya kwanza kukauka. Katika mguu, matuta hayo ni ncha za vidole na kisigino. Kidole kina vijishipa vyembamba tu, na kikivimba kwa usaha vijishipa hivyo huziba, kidole kikawa cheusi ndani ya siku chache hata kama mguu uliobaki una damu ya kutosha. Kisigino nacho hupata damu kutoka tawi la nyuma na lile la nje; yakipungua hayo mawili, kidonda cha kisigino huwa kigumu sana kupona.

NAMNA YA KUYATAFUTA MAPIGO

Kila mguu, basi, una mahali pawili pepesi pa kuhisi damu ikipita, na pote pawili pako kifundoni au karibu nacho. Mtafutwaji na aketi au alale, mguu wake ukiwa na joto la kawaida. Mtafutaji atumie ncha za vidole viwili au vitatu vya katikati, wala asitumie kidole gumba, kwa kuwa gumba lina pigo lake lenyewe na linaweza kumdanganya.

Pigo la kwanza liko juu ya mgongo wa wayo. Mwambie mzee ainue kidole gumba cha mguu kuelekea juu. Utaona kano ikijitokeza kutoka kifundoni hadi kwenye kidole hicho. Weka vidole vyako kando ya kano hiyo, upande wa kidole cha pili, katikati ya mgongo wa wayo, kisha mwambie aulegeze mguu. Gusa kwa wepesi. Ukikandamiza sana utaliziba pigo lenyewe.

Pigo la pili liko nyuma ya jicho la mguu la ndani, katika kibonde kilicho baina ya mfupa huo na kano nene ya kisigino. Hapo vidole vizame kidogo na kusubiri. Asiyezoea huweza kuchukua dakika nzima kabla ya kuhisi kitu, kwa hiyo na ajifunze kwanza kwa mguu wake au wa kijana mwenye afya, kabla hajaugusa mguu wa mgonjwa.

Tunaongeza tahadhari mbili. Kwanza, wako watu wachache wenye afya kamili ambao pigo la juu ya wayo halishikiki, kwa sababu ndivyo walivyoumbwa. Kukosekana kwa hilo moja peke yake hakumaanishi ugonjwa. Yakikosekana yote mawili, au yakiwepo mguu mmoja na kukosekana mwingine, hapo mtu apelekwe kwa daktari hata kama hana maumivu. Pili, kuwepo kwa mapigo si kibali cha kukaa nyumbani na kidonda. Mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda mguuni aende hospitali, mapigo yawepo au yasiwepo.

KINACHOIZUIA DAMU

Ateri hubanika polepole kwa mafuta na ugumu unaojengeka katika kuta zake. Mambo makubwa yanayoleta hali hiyo yanajulikana: sigara, kisukari, shinikizo la damu la juu, mafuta mengi katika damu, na umri. Kwa mgonjwa wa kisukari, mara nyingi sehemu inayobanika zaidi ni ile iliyo kati ya goti na kifundo, yaani yale matawi matatu tuliyoyataja. Na tusidhani kwamba kisukari ni maradhi ya watu wa pwani na wa maofisini tu. Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika mwaka 2012 ulikuta kwamba takriban watu 9 katika kila watu wazima 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wanacho, na wengi huishi nacho bila kujua.

Kisukari huja na adui wa pili, naye ni ganzi. Sukari nyingi ikikaa mwilini kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, mtu akawa hahisi mwiba, kokoto wala moto. Madaktari wa Dar es Salaam waliowachunguza wagonjwa wa vidonda vya kisukari kwa miaka mingi wameeleza kwamba hapa kwetu ganzi ndiyo mlango mkubwa wa vidonda hivyo. Ganzi hufungua kidonda, na upungufu wa damu hukizuia kisipone. Wakikutana hao wawili katika mguu mmoja, ndipo tunapopata kile ambacho watu wetu hukiita kidonda ndugu.

Hapa ndipo maneno mengi husemwa. Kidonda kisichouma na kisichopona huambiwa kimetegwa, kwamba mzee amekanyaga kitu njiani, au kwamba ni kazi ya hasidi. Familia huanza kuzunguka kwa waganga, mwezi ukapita, na mwingine. Tunasema kwa upole lakini bila kuficha: kidonda kisichouma kinaeleza kwamba fahamu za mguu zimekufa ganzi, na kidonda kisichopona kinaeleza kwamba damu haifiki, au sukari iko juu, au uchafu umeingia ndani. Dua ni ibada na haikatazwi. Kinachoangamiza mguu ni kuzifanya siku za dua kuwa siku za kutokwenda hospitali.

DALILI ZA NCHI YA MILIMA

Wilaya ya Mbulu imekaa juu ya nyanda za juu, na Hanang imezungukia mlima wenye urefu unaokaribia mita 3,420. Katika nchi ya milima, ateri iliyobanika hujifichua kwa namna ya pekee. Mzee anapopanda mteremko, shavu la mguu humkaza kwa maumivu, akasimama. Akipumzika dakika chache maumivu huondoka, akaendelea, na mwendo uleule ukitimia humrudia. Watu husema ni uzee au baridi yabisi. Lakini maumivu ya viungo hayana hesabu ya namna hiyo. Yanayokuja kwa mwendo na kuondoka kwa kusimama mara nyingi ni kilio cha msuli unaodai damu ambayo ateri haiwezi kuileta.

Hali ikizidi, maumivu humjia akiwa kitandani. Usiku, mguu ukiwa usawa mmoja na moyo, damu hukosa msaada wa mteremko. Mgonjwa huamka, akauning'iniza mguu ukingoni mwa kitanda, akapata nafuu kwa kuwa damu sasa inateremka. Ukimkuta mzee wako analala ameketi kwenye kiti kwa sababu ya mguu, usingoje mnada ujao ndipo umtafutie usafiri. Hiyo ni dalili ya mguu ulio hatarini.

Dalili nyingine ni mguu mmoja kuwa wa baridi kuliko mwenzake, ngozi ya muundi kung'aa na kupoteza vinyweleo, kucha kuwa nene na kukua kwa taabu, na wayo kupauka unapoinuliwa na kuiva wekundu unaposhushwa. Kwa ngozi zetu nyeusi rangi hiyo huonekana vizuri zaidi unyayoni na chini ya kucha. Bonyeza ncha ya kidole cha mguu, kisha achia. Damu ikichukua zaidi ya sekunde tatu kurejea, kuna la kuuliza.

BARIDI, MOTO NA MAJI YA UDHU

Miezi ya Juni na Julai baridi ya Mbulu ni kali, na nyumba nyingi huwa na moto jioni. Mwenye ganzi anapousogeza mguu motoni hausikii ukiungua. Harufu ndiyo humwambia, au mjukuu. Mguu wenye damu pungufu ukiungua, hata lengelenge dogo huweza kugeuka kidonda cha miezi. Soksi nzito za sufu na blanketi ndizo dawa ya baridi kwa mgonjwa wa kisukari. Moto na chupa ya maji ya moto si vyake.

Hali kadhalika maji ya udhu. Ni jambo jema kumpashia mzazi maji alfajiri, lakini asiyapime mwenyewe kwa mguu. Ayapime kwa kiwiko, au mwingine wa nyumbani ampimie, na yawe vuguvugu tu.

Na hapa kwenye udhu ndipo tunapopata nafasi ambayo familia nyingine hazina. Aya ya sita ya Suratul Maidah inatuamrisha kuosha miguu hadi kwenye vifundo viwili, na katika sunna kuna kupitisha vidole vya mkono baina ya vidole vya miguu. Mwenye kutawadha vizuri huzigusa kila siku, mara kadhaa, zile sehemu zinazoanza kuharibika kwanza, na mkono wake hupita juu ya mapigo yote mawili. Tunachoomba ni kuongeza macho katika kile ambacho mikono inakifanya tayari. Mara moja kwa siku, kwenye mwanga, unyayo utazamwe. Asiyeweza kuinama na atazamwe na mwanawe au atumie kioo. Kisha baina ya vidole pakaushwe vizuri, kwa sababu unyevu unaobaki hapo hulainisha ngozi na kuipasua.

Wanaopaka juu ya khofu za ngozi kwa ajili ya baridi, ruhusa yao ni mchana na usiku mmoja kwa mkazi, na siku tatu kwa msafiri. Mwenye kisukari asiiache siku ipite bila kuivua na kuutazama mguu, kwani ruhusa ya kupaka haizuii kutazama. Na mwenye kidonda asikiloweshe kila Swala kwa hofu ya ibada yake kutosihi. Fiqhi imempa mwenye jeraha nafasi ya kupaka juu ya bandeji au kutayamamu, kwa masharti yake. Na amuulize sheikh wake, na amweleze pia alichoambiwa na daktari kuhusu maji.

Msikitini tunavua viatu, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini njia kati ya birika la udhu na mlango isiwe ya kokoto na miiba. Kamati za misikiti zaweza kulitazama hili kwa gharama ndogo sana: zulia la plastiki, au ndara safi za kuazima. Nyumbani, mzee mwenye ganzi asitembee peku hata uani. Katambuga ni imara, lakini misumari yake na kingo zake zikaguliwe kwa mkono kila zinapovaliwa. Kiatu chochote kikung'utwe kwanza, kwa kuwa asiyehisi anaweza kukaa na kokoto kiatuni kutwa nzima.

DAMU INAPOKATIKA GHAFLA

Tumezungumza juu ya kubanika kwa polepole. Upo pia ukataji wa ghafla, na huu hauna subira. Donge la damu likitoka moyoni na kuziba ateri ya mguu, mguu huuma ghafla, ukapauka, ukawa baridi, mapigo yakatoweka, kisha ganzi na kupooza vikafuata. Madaktari huzihesabu saa sita za mwanzo kuwa ndizo zenye matumaini makubwa. Kwa mtu wa Yaeda au Basotu, saa sita zaweza kuwa ndiyo safari nzima. Asipotezewe hata moja kwa kusuguliwa mafuta.

Vivyo hivyo katika ajali. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Allah awarehemu. Katika maafa kama yale, na katika ajali za pikipiki tunazoziona kila wiki, mguu uliovunjika au uliobanwa huweza kuwa na ateri iliyokatika ndani bila damu kuonekana nje. Anayejua kuyatafuta mapigo mawili ya kifundoni anaweza kumwambia mhudumu wa afya jambo la thamani kubwa: kwamba mguu huu una pigo, na ule hauna. Majeruhi wa namna hiyo ndiye wa kutangulizwa kwenye gari.

Katika malisho na mashamba yetu kuna pia moma na nyoka wengine. Desturi ya kumfunga aliyeumwa kwa kamba iliyokaza juu ya jeraha ingali hai, na nia yake ni njema. Lakini kamba hiyo huibana ateri, na mguu ulio chini yake hukosa damu kwa muda wote wa safari. Mgonjwa anaweza kupona sumu na kupoteza mguu kwa kamba. Shirika la Afya Duniani halishauri kamba ya kukaza, wala kuchanja, wala kunyonya sumu. Mgonjwa atulizwe, mguu usichezeshwe, avuliwe pete na bangili za mguuni kabla ya uvimbe, na apelekwe hospitali.

WAPI PA KWENDA, NA KWA NINI MAPEMA

Wilaya hizi hazikuachwa bila tiba. Mbulu ina hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa na Walutheri mwaka 1955 na ambayo leo hupokea wagonjwa kutoka mikoa jirani. Hanang ina hospitali ya wilaya ya Tumaini pale Katesh, na Babati iko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Penye haja, mgonjwa hupelekwa KCMC mjini Moshi, au Dar es Salaam, Muhimbili na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, wanakoshughulika na moyo na mishipa ya damu. Lakini zahanati ya kijiji ndiyo mlango wa kwanza, na mhudumu wake anaweza kupima sukari na kuandika rufaa siku hiyohiyo.

Daktari ataweza kulinganisha shinikizo la damu la kifundoni na la mkono. Matokeo yaliyo chini ya 0.9 huashiria ateri iliyobanika. Kwa wagonjwa wa kisukari, ateri zilizokauka kama chokaa huweza kukidanganya kipimo hicho kwa kukipandisha, na kwa hiyo asishangae mtu akipimwa na vidole pia. Zipo dawa za kulinda ateri, na zipo njia za kuupanua mshipa kwa puto au kuitengenezea damu njia ya pembeni. Mara nyingi ateri za wayo wenyewe huwa bado zi wazi hata kama za juu yake zimebanika, na ndiyo sababu mguu wenye kidole kimoja cheusi si lazima ukatwe wote, endapo utaletwa mapema. Na ikiwa kidole kimekwisha kufa, kukubali kikatwe leo ndiko kunakouokoa mguu kesho. Wanaokataa kidole mara nyingi huja baadaye kukubali goti.

Tanzania ina ushahidi wa nyumbani kwamba hili linawezekana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake, wakitokea Dar es Salaam, walianzisha mpango wa Hatua kwa Hatua, uliokwenda sambamba na wa India, wa kuwafunza madaktari na wauguzi kutunza miguu ya wagonjwa wa kisukari. Msingi wake ulikuwa mambo ya kawaida: kuutazama mguu, kuondoa ngozi iliyokufa, kumfunza mgonjwa, na kumleta mapema. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloshindikana Dongobesh au Endasak.

Yapo ya kuacha. Majivu, samadi, unga wa betri na unga wa vidonge vya rangi mbili vinavyofunguliwa na kunyunyizwa juu ya kidonda havipeleki damu mahali isipofika. Huziba macho ya muuguzi tu asikione kidonda. Na sigara, ndugu zetu, ni adui wa wazi wa ateri za miguu. Hakuna dawa atakayopewa mvutaji itakayomfaa kuliko kuacha.

DENI LA WATOTO KWA WAZAZI

Wazee wetu wana haya. Baba hatasema kwamba kidole kimetoka maji, kwa kuwa hataki kuwasumbua. Mama ataficha wayo ndani ya soksi, na akifika kwa daktari wa kiume ataona aibu kuufunua. Tusiwangoje waseme. Binti na amwombe mama yake amwoshe miguu, na katika kuosha atatazama. Kijana na amkalie baba yake kitako, amwambie: "Baba, nipe mguu wako niangalie." Mama akihitaji muuguzi wa kike, aombewe. Asipopatikana, tiba ni dharura, na binti yake afuatane naye.

Nalo jambo la nauli tusilionee haya. Tunachangishana harusi kwa kadi na kwa simu, na mchango hutimia. Nauli ya mgonjwa mmoja kutoka Balang'dalalu hadi Katesh, au kutoka Yaeda hadi Haydom, ni ndogo kuliko mchango wa keki ya harusi. Msikiti ukiwa na mfuko mdogo wa safari za wagonjwa, na kila miezi michache ukamwalika muuguzi wa kituo cha jirani aje baada ya Swala ya Ijumaa apime sukari na kutazama miguu ya wazee, wanaume upande wao na wanawake upande wao, kazi kubwa itakuwa imefanyika bila jengo jipya wala hotuba ndefu.

Usiku wa leo, basi, kabla ya Isha, kila nyumba na imtafute mtu mmoja aliye mkubwa kuliko wote chini ya paa lake. Yatafutwe mapigo yake mawili, mguu wa kulia na wa kushoto. Yakipatikana, tumshukuru Mola. Yasipopatikana, safari ya hospitali ianze kesho asubuhi.

Wabillahi tawfiq. Tukutane juma lijalo, Inshaallah.